Simu Kutoka Kwenye Benchi

Wiki iliyopita nilikuwa nikimsubiri rafiki katika ofisi ya shirika moja hapa Kisumu linalosaidia familia za watoto wenye ulemavu. Tovuti yao ilikuwa imejengwa upya, na fundi aliwaomba wazazi waliokuwa kwenye benchi waijaribu kwa simu zao.

Mama mmoja kutoka mtaa wa Manyatta, mtoto amemlalia begani, alibonyeza palipoandikwa "Ongea nasi." Simu ikalia mezani kwa dada wa mapokezi, mbele yake kabisa. Sote tukacheka.

Dada akaipokea. "Hello, mama. Nikusaidie na nini?"

Nilidhani mama angekata. Badala yake aligeukia dirisha, akashusha sauti. "Nilikuwa nauliza, kuna mama mwingine mtoto wake ako na miaka sita na bado haongei?"

Kicheko kikatuishia. Dada naye akazungusha kiti, wakawa wamepeana migongo, kila mmoja na simu yake sikioni.

"Wako wengi, mama. Wanakutana hapa kila Jumamosi."

"Na wanakujanga na watoto?"

"Na watoto."

"Basi tutakuja."

Akakata simu, akageuka, akamsalimia dada kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Baadaye nikaambiwa mama huyo huja ofisini hapo kila mwezi, na hajawahi kuuliza swali lolote.

Fundi akataka maoni yangu. Nikamwambia tovuti iko sawa. Sasa wajenge upya ofisi, maana viti vyake vinatazamana mno.