Amin ya Bi Mkubwa

Mimi si mtu wa kusema. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini linanikwama kooni, na kidato cha tatu kizima kinacheka. Kwa hiyo mchungaji alipotangaza kuwa wageni wetu kutoka ng'ambo watafasiriwa na mimi, nilitamani ardhi inimeze. Baadaye nikaona afadhali. Kufasiri si kusema, nilijiambia. Maneno ni ya watu, wewe unayapitisha tu.

Kanisa letu hapa Micheweni, Pemba, ni chumba cha kupanga chenye viti vya plastiki. Tunaosali humo karibu sote ni Wabara tulioletwa na kazi. Baba yangu ni mwalimu, na ni mzee wa kanisa. Majirani zetu wote ni Waislamu. Nyumba inayopakana na yetu ilikuwa ya kikongwe mmoja, kila mtu akimwita Bi Mkubwa, na mjukuu wake, msichana wa rika langu, rafiki yangu wa pekee. Wao wakileta muhogo wa nazi, mama anarudisha sahani na maandazi. Sahani tupu hairudishwi. Bi Mkubwa aliniambia mwenyewe nilipokuwa mdogo: "Sahani haitoki tupu, ntoto wee. Huna kitu? Tia chumvi."

Kati ya wageni alikuwemo dada mmoja mrefu, mpole, ambaye alimpenda Bi Mkubwa tangu siku ya kwanza. Kila alasiri alinivuta twende. Tunakaa mkekani, tunakata vijikamba vya kufungia mwani, wao wanazungumza na mimi napitisha. Jua lilimbabua yule dada mpaka pua.

"Mfunikeni kanga huyo," Bi Mkubwa akasema, "keshaiva kama pweza."

Nilipomfasiria alicheka mpaka machozi. Aliniambia bibi yake alifariki mwaka uliopita, na kwamba mikono ya Bi Mkubwa ni ile ile. Naandika hili kwa sababu yalisemwa mengi juu ya dada huyo baadaye. Alimpenda kweli.

Bi Mkubwa alikuwa anaumwa. Miguu imevimba, pumzi anaivuta kwa shida. Alasiri moja mjukuu alikuwa ufukweni kwenye mwani, tukawa watatu tu. Yule dada akapiga magoti, akamshika mkono, akaniambia nimuulize kama anampokea Yesu moyoni mwake.

Nikamuuliza. Bi Mkubwa akatabasamu.

"Nabii Isa, amani iwe juu yake? Nani asiyempokea, mwanangu? Hata Mama yake, Bibi Mariamu, sie twamjua."

Nilifasiri hivyo hivyo, neno kwa neno. Lakini nilipofika kwenye "kumpokea" yule dada alishafumba macho, machozi yanamtoka, anaomba kwa sauti. Alipomaliza Bi Mkubwa akaitikia, "Amin, amin." Huku ndivyo ilivyo. Mgeni akikuombea dua nyumbani mwako huachi mikono yake hewani. Unaitikia.

Dada akajipiga naye picha, mkono amemshika, akambusu, akatoka anaruka. Mimi nikabaki kuokota vijikamba. Adhana ya alasiri ikalia.

"Nsogezee kata ya maji," Bi Mkubwa akaniambia. "Nitie udhu."

Jumapili yule dada alisimama mbele ya kanisa, akashuhudia kwamba Bi Mkubwa ameokoka. Ilibidi nifasiri na hilo. Watu wakapiga makofi, na baba akainuka kumshukuru Mungu. Tulipokuwa tunarudi nikamwambia, "Baba, Bi Mkubwa hakusema vile." Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Waache na furaha yao," akasema. "Wanaondoka kesho."

Wakaondoka. Picha ikabaki kwenye simu za watu: Bi Mkubwa ameshikwa mkono, na chini yake maneno ya Kiingereza kuwa nafsi moja imepatikana Pemba. Kwenye bomba la maji wanawake wakawa wananyamaza mjukuu akifika. Shuleni mimi nikapewa jina, "Mfasiri wa Mbinguni". Bi Mkubwa hakuambiwa lolote. Alikuwa hawezi tena hata kukaa.

Alifariki alfajiri. Mama alikaanga chapati za msibani, akanipa sahani nitangulie. Nilidhani nitakuta wanawake jikoni, moshi, sufuria za maji ya kuoshea maiti. Nilikuta wanawake wamesimama uani, na mafiga ni baridi.

"Mie nimwoshe," mwoshaji alikuwa anasema, "kisha nije niambiwe nimeosha Mkristo?"

"Astaghfirullahi! Punguza sauti, maiti yuko ndani."

"Bibi yangu kafa na shahada mdomoni!" mjukuu akapiga kelele. "Mie nilimsikia!"

"Weye mjukuu. Ungesema nini chengine?"

Shehe akaja mpaka mlangoni. Akauliza nani alikuwepo siku ile ya wageni. Rafiki yangu akaninyooshea kidole.

Jua lilikuwa linapanda na yule bibi amelala ndani hajaoshwa. Nilimwona baba nje ya ua, kati ya wanaume, kofia mkononi, anatazama chini. Jibu nilikuwa nalo, kama darasani.

"Sema, mwanangu," Shehe akasema. "Maneno yake tu. Usizidishe, usipunguze."

Nikasema. Sahani ya chapati nikaiweka chini. Nikasema alivyoulizwa, alivyomtaja Nabii Isa, alivyoitikia amin. Nikasema kwamba kanisani lilitangazwa lisilokuwa.

"Na baada ya hapo alifanya nini?"

"Adhana ililia. Akaniomba maji ya udhu."

Mtu mmoja akaanza kulia. Shehe akashusha pumzi. "Dua ya mgeni haikataliwi. Hata mimi ningeitikia. Tieni maji motoni."

Wakamwosha. Alizikwa siku ile ile, kwa sala, kama walivyozikwa wazee wake. Lakini watu wengi walishaamua kabla ya Shehe kusema. Jeneza hapa hupokezwa bega kwa bega, kila mwanamume ajipatie thawabu zake. La Bi Mkubwa lilibebwa na walewale wachache mpaka makaburini. Baba alisogea ashike. Mzee mmoja akamgusa kifua, taratibu. "Hapana, mwalimu. Leo tuachie."

Yule dada bado anaandika kutoka kwao. Anauliza Bi Mkubwa hajambo, na niseme anamkumbuka. Sijamjibu.

Msiba ulipokwisha rafiki yangu alikuja kurudisha sahani. Ilikuwa imeoshwa, kavu, haina kitu. Hakuniangalia. Nikasema, "Karibu." Akasema, "Ahsante," akiwa ameshageuka.

Nikaingia jikoni, nikatia chumvi sahanini, nikaenda kwao kubisha hodi. Nilisikia miguu ndani ikisimama. Hakufungua. Nikaiweka kizingitini.

Usiku ule mvua ilinyesha. Asubuhi chumvi ilikuwa imeyeyuka yote na sahani iko palepale, rafiki yangu anairuka akitoka. Mama ameniuliza sahani yake iko wapi. Nimemwambia iko kwa jirani.