Magoti ya Mwenyekiti

Mwenyezi Mungu humgawia kila kiumbe karama yake, na Evodia, mjane anayeshona sare za kwaya huko Majengo, alijaliwa ulimi mwepesi. Kwa miaka kadhaa ameshiriki mashindano ya maigizo ya papo kwa papo, ambamo watazamaji hutoa kisa palepale, na mwigizaji anayeiacha nafsi ya mhusika wake hutolewa jukwaani. Hapana mazoezi wala marudio. Neno likishatamkwa ni maji yaliyomwagika.

Baba mkwe wake, Mzee Cleophas, anayeishi naye mtaa wa Kizwite, hakuridhika na mchezo huo. "Jumapili nitakuja mwenyewe," alimwambia. "Nikiona utovu wa adabu, jukwaa utaliaga siku hiyohiyo."

Jumapili hiyo watazamaji walimpa Evodia nafasi ya mwenyekiti wa kijiji mwenye kiburi. Mpinzani wake, Masanja, mfugaji wa Kisukuma, akawa mwananchi mwenye malalamiko. Evodia alitembea amebenua kifua, mikono nyuma, ukumbi ukicheka; lakini macho yake hayakubanduka mlangoni.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Cleophas akaingia na fimbo yake.

Mwanamke wa Kifipa aliyelelewa vyema hamwoni mkwewe akabaki wima. Kabla akili haijamzuia, mwili ulikwisha kuyatii malezi: Evodia alipiga magoti, akainamisha kichwa, akapiga makofi taratibu, salamu ya heshima kwa mkwe. Mwamuzi, Lydia, akaishika kengele ya kumtoa.

Masanja akaliona pengo, akalivamia. "Mwenyekiti! Jana ulinifukuza ofisini kama mbuzi. Leo unampigia nani magoti?"

Kusimama kungekuwa tusi kwa mzee. Kunyamaza kungekuwa kushindwa. Evodia, angali chini, akajibu kwa sauti nzito ya kiume: "Nyamaza wewe! Huoni uchaguzi umekaribia? Huyu ni mpiga kura!"

Ukumbi ulilipuka kwa vicheko. Evodia peke yake hakucheka. Aliitazama fimbo ya mzee, ambayo sasa ilikuwa imeinuliwa, ikimwelekea.

"Magoti hayo tuliyaona uchaguzi uliopita," Mzee Cleophas akanguruma. "Daraja letu liko wapi?"

Evodia akajibu: "Daraja... daraja lipo njiani, mzee wangu."

"Litafikaje, na mto wenyewe hauvukiki?"

Watu wakapiga mabenchi kwa kucheka. Lydia akaiweka kengele chini. Masanja, bila kuambiwa, akapandisha kiti jukwaani na kumkaribisha mzee, naye akapanda polepole, akaketi, akakunja uso kama mtu aliyekuja kudai haki.

"Inuka, Mwenyekiti," akasema. "Inuka unijibu."