Nilivyompa Marehemu Watoto wa Buna

Mpaka leo nikipita karibu na makaburi ya Garissa huwa navuta kofia hadi kwenye nyusi, na msicheke kwanza, subirini niwaeleze.

Mimi nauza simu hapa mjini, na kwa hilo tu ukoo mzima unaniita mtaalamu wa mitandao (najua kubadilisha kioo, basi, lakini sijawahi kuwasahihisha). Sasa, babu mzaa mama alitoka Buna, kule Wajir, zamani, mama akiwa msichana mdogo, akaleta ng'ombe kuuza Garissa, akaugua, akafia huku, na hakuna aliyejua alizikwa wapi. Mama amezeeka na ombi moja tu: asimame kwenye kaburi la babake, amwombee dua.

Siku moja dukani hakuna mteja, nikaingia tovuti moja ambamo watu huweka picha za makaburi na majina ya waliozikwa, nikaandika jina la babu, Abdi Hassan Ali, na lo, likatokea, Garissa hapahapa, na picha ya jiwe lililofukiwa nusu na mchanga! Tarehe ya kufa imeandikwa "haisomeki". Mwenye akili angesita hapo. Mimi nikarusha picha kwenye grupu ya familia: "Babu amepatikana, alhamdulillahi."

Basi simu nzima ikajaa jumbe za sauti za vilio, na sifa nazo, nikanogewa. Tovuti inaruhusu mtu kuongeza habari za marehemu, nami nikaongeza kwamba ameacha mke na watoto sita Buna, na kwamba dua itasomwa Jumamosi asubuhi, wote mnakaribishwa (nani angesoma, niliwaza).

Jumamosi Abti Issack, kaka yake mama, alikuwa ameshafika kutoka Buna na vumbi la safari kwenye ndevu, mbuzi amechinjwa nyumbani, sheikh anaomba pale kaburini, mama na dada zake wamesimama kando wamejifunika shela, nami nikashika hotuba ya namna babu alivyokuwa mrefu na mkarimu, mtu ambaye sikuwahi kumwona. Abti analia waziwazi. Mara gari likasimama, akashuka mama mmoja na vijana wake wawili, simu mkononi.

"Watoto wa Buna ni nani hapa?"

"Ni sisi," nikasema, kifua mbele.

"Na huyo mke wa Buna yuko wapi? Mume wangu miaka yote ananiambia anaenda Wajir kununua ngamia, kumbe!"

Abti akafuta machozi, akamwangalia kwa huruma. "Asalaam alaykum, mama mdogo. Kumbe baba alioa na huku?"

"Baba? Alioa?" mama yangu akapiga kelele kule kando.

"Mama mdogo!" yule mama akamaka. "Wewe mzee na ndevu zako nyeupe, nilikuzaa lini?"

Mwanawe mkubwa akapiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono, tarehe ikatokea. Wallahi, marehemu alikufa mwaka niliofungua duka. Kijana akamwomba Abti ataje ukoo wa babu. "Abdi Hassan Ali Nur," Abti akaanza. "Wetu ni Abdi Hassan Ali Gedi," kijana akamkata. Kwetu hata mtoto wa chuo cha Kurani anataja mababu kumi bila kupumua, mimi niliishia jina la tatu kwa sababu tovuti iliishia hapo.

Sheikh akanigeukia. "Sasa nimemwombea nani?"

Yule mama aliketi palepale mchangani, akaanza kulia. "Abdi, nisamehe, nimekutukana njia nzima." Mama yangu akamwendea, akamshika mkono, akamwambia sheikh aendelee, maiti ni maiti. Tukaitikia amina sote, kisha tukaenda kula mbuzi pamoja, na kila mtu alikula akiniangalia mimi.

Usiku huo nilifuta yote niliyoandika, nikamwapia mama kwamba sitataja kaburi la mtu tena kabla wazee hawajanihesabia mababu zake mpaka wachoke.

Mama hakutaka kiapo. "Baba yangu Mungu anajua alipolala," alisema. "Wewe mwache tu, hooyo, mwanangu. Ukimtafuta tena utamwozesha mke mwingine."