Tuombe Kwanza, Dada

Chumba changu ni cha mwisho pale zahanati, zamani kilikuwa stoo ya vyandarua. Kibao cha "Ushauri Nasaha" nilikibandua mwenyewe, maana hakuna mlokole aliyetaka kuonekana akigonga mlango ule. Sasa wote wanakuja "kupima presha". Haya, presha napima, na tunaongea. Ila tukikutana kanisani wananipita kama hawanijui, na benchi zima nalikalia peke yangu, kwa sababu kukaa karibu nami ni kujitangaza. Naelewa. Inaniuma vilevile.

Mke wa mchungaji alikuja Alhamisi tatu mfululizo, amekonda, macho mekundu. Unalala, mama? "Nimebarikiwa." Unakula? "Nimebarikiwa." Jamani! Kwao kutamka baya ni kulikaribisha, nalijua hilo, nimelelewa humo humo. Lakini ile Alhamisi ya tatu uvumilivu uliniishia, nikalifunga daftari kwa hasira.

Akasema, "Tuombe kwanza, dada."

Tukafumba macho.

"Baba, unajua nimechoka kuishi. Unajua vidonge nimevificha chini ya godoro, nasubiri mume wangu asafiri."

Nikafumbua macho. Yeye kayafumba yake kabisa. Nilijua nikimsemesha moja kwa moja ataniambia amebarikiwa. Na mwenzenu sijaomba tangu nimzike mume wangu, mwaka wa sita huu. Nikapiga moyo konde.

"Baba," nikasema, "muulize mwanao, kuna mwingine anayejua?"

"Baba, hakuna."

"Baba, atakubali twende sasa hivi tukavichukue, na leo asibaki peke yake?"

Huko nje nesi aliita wagonjwa watatu, mmoja baada ya mwingine.

"Baba, nakubali. Dada yangu aitwe, aje alale kwangu."

Nikashusha pumzi, nikaanza kunyanyuka nichukue mkoba. Lakini hakusema amina. Alinishika mkono, macho bado kayafumba.

"Na Baba, huyu mwenzangu anayeuliza wengine, yeye nyumbani kwake anaongea na nani?"

Sikuwa na pa kukimbilia.

"Baba," nikasema, "na redio."

Nilidhani atacheka. Akasema amina, tukatoka kwenda kuchukua vile vidonge, na mimi ndiye niliyekuwa najifuta machozi.