Majibu ya Mate ya Serafina

Serafina Bellusci alikuwa na ulimi mkali, na kijiji kizima cha Serravenera, kijiji cha Waarbereshi, wazao wa wahamiaji wa Albania, kwenye milima ya Calabria huko Italia, kilimvumilia kwa sababu moja: nyimbo za kulilia wafu kwa lugha ya wazee alibaki kuzijua yeye tu. Mtu akichanganya Kiitaliano mbele yake, alimkata kauli. "Funga hilo domo la Kilitiri."

Mlitiri ni mtu wa bondeni, Mwitaliano asiye wetu. Wifi yake Pinuccia, mwenye duka pekee la mikate kijijini, alikuwa akilimeza tusi hilo tangu siku ya harusi yake, kwa kuwa alikulia mjini na lugha haikumkaa.

Krismasi moja mpwa wao Ernesto alikuja kutoka Torino na kichupa cha kutemea mate, cha kupimia asili ya ukoo. Serafina akatema kwa madaha. Majibu yalipotoka, kijana akayarusha kwenye kundi la familia la simu bila kufikiri: damu ya shangazi yake karibu yote ni ya Italia ya kusini. Ya ng'ambo ya bahari, walikotoka Waarbereshi, haikuonekana.

Serafina akaenda moja kwa moja kwa shangazi yake Rusina, kikongwe wa miaka tisini.

"Unashangaa nini?" Rusina akasema, akiendelea kumenya maharage. "Bibi yako alipanda kutoka bondeni na mbuzi wawili, hajui neno. Mama mkwe wake alimfundisha lugha kwa mwiko wa kichwa. Na upande wa mama yako ni vivyo hivyo, kila kizazi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ulikuwa unasema wewe. Nani angepata nafasi?"

Mwezi wa pili mama yake Pinuccia akafariki. Marehemu alikuwa ameomba mbele ya watu aliliwe na Serafina. Serafina akavaa nyeusi, akaenda. Pinuccia akamzibia mlango.

"Wapi?"

"Kumlilia mama yako. Aliniomba."

"Mama yangu haliliwi na Mlitiri."

Watu waliokuwa ngazini wakasogea karibu. Cosimo, mume wa Pinuccia, aliinamia viatu vyake.

"Na wanao je?" Serafina akauliza. "Baba yao si kaka yangu? Damu yao imetoka wapi?"

"Wanangu hawajamwita mtu Mlitiri hata siku moja."

"Cosimo, mwambie mkeo anipishe."

"Nenda nyumbani, dada," Cosimo akasema. "Umetutukana miaka mingi, na sisi tulikuwa tukicheka tu."

Serafina akamlaani wifi yake kwa lugha ya wazee, laana ndefu, tamu masikioni. Pinuccia hakuelewa hata neno. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango. Ndani wakawasha wimbo wa kanisa wa Kiitaliano kwenye simu. Katikati ikaingia simu ya mtu, wimbo ukakatika. Serafina aliusikia ukikatika, akafurahi, na furaha ile ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hawajasalimiana tena. Mkate Serafina anaufuata bondeni kwa basi la asubuhi. Muuzaji wa huko, mama mcheshi aliyesikia habari ya majibu yale, humwita binamu kwa utani. Serafina hulipa, hujifunga kilemba, huondoka bila kumjibu.