Gari Lililotafuta Kona

Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa mwaka 1977, mimi nilikuwa nimekuja Kasulu kumzika baba, na mke wangu amebaki Nairobi. Nilidhani ni jambo la siku chache. Nikashika kazi ya muda, kuendesha gari la tajiri mmoja, kupeleka chumvi na sabuni Kibondo.

Nairobi nilikuwa fundi wa magari ya mashindano, yale yanayozunguka uwanjani. Nikalifunga gari la tajiri kama nilivyozoea, matairi ya mbele yakitazama nje kidogo. Uwanjani gari la namna hiyo ukiligusa tu limeingia kona. Kwenye barabara iliyonyooka halitulii, linayumba huku na huku, na linakula matairi vibaya sana. Abiria niliowapakia Murungu, kijiji cha njiani, waliliita Makengeza. Niliwanunia. Watu wa majembe, nikasema moyoni, watajua nini.

Fundi wa Kasulu, mzee aliyetokea Ujiji, alinyoosha kamba kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, akaguna.

"Mwanangu, gari hili linatafuta kona hata pasipo na kona. La barabarani matairi hutazama ndani kidogo, ndipo linyooke. Nikurekebishie?"

"Liache, mzee. Nikirudi kwenye kazi yangu nisije nikawa nimesahau kufunga la uwanjani."

"Unarudi lini?"

Nilipandwa na hasira, nikaondoka bila kuaga.

Ukweli ni kwamba nilipenda kuyumba kule. Kuliishughulisha mikono yangu yote miwili njia nzima, na mtu anayepigana na usukani hapati nafasi ya kuwaza. Tena kulifunga gari kibarabara ilikuwa sawa na kukiri kwamba sirudi.

Mwisho matairi yakaisha mpaka nyuzi zikaonekana, na wakati ule tairi jipya lilikuwa adimu kuliko sukari. Tajiri akasema likipasuka moja, kazi basi. Nikarudi kwa mzee.

"Haya, lifunge kibarabara."

Mzee aliingia chini ya gari. Alizungusha tairodi, vile vyuma vinavyoelekeza matairi ya mbele, akanyoosha kamba yake tena, akanipigapiga begani.

Nilipopita Makere, barabara ikanyooka. Nikaachia usukani kidogo, kujaribu. Gari likaenda lenyewe, limetulia kabisa. Mikono ikakosa kazi. Wa kushoto ukaangukia kiti cha pembeni, upande ambao mke wangu angekaa, nikapapasa ngozi tupu ya kiti. Niliuacha mkono pale mpaka Kibondo.