Kanzu Isiyo na Upindo

Dada yangu hajawahi kuiona nguo akaiacha salama. Pita mbele ya cherehani yake na sketi iliyokwenda upande, utamsikia: "Wewe, njoo hapa, nani kakufanyia uadui huo?" Miaka ishirini na sita anashona, mimi pembeni yake natia vifungo na kupiga pasi, na sijamsikia akisifu kazi ya fundi mwingine. Basi hata alipoota, aliota kifundi.

Siku hizo shemeji, mumewe, alikuwa na ngiri. Daktari alishasema apasuliwe Jumanne, maana utumbo ukinasa humo, mambo yatakuwa mengine. Shemeji ni mwoga wa sindano. Tulimbembeleza wiki tatu mpaka akakubali. Jumapili Dada akaja kazini macho mekundu.

"Haendi," akasema.

"Nani haendi?"

"Mume wangu. Nililala kidogo baada ya sala ya alfajiri, nikamwota. Kavaa nguo nyeupe, inaburura chini, ncha haijapindwa. Nguo nyeupe isiyo na upindo ni nini, kama si sanda?"

Nikaweka pasi chini. Kumbe alishamsimulia na mwenyewe, tena juu ya chai! Nilipokwenda kumwona shemeji, nilimkuta kajifunika gubigubi, jasho linamtoka, mkono kaubana tumboni. "Dada yako kaoteshwa," akaniambia. Kisingizio alichokuwa akikitafuta kaletewa mezani. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili. Na niliogopa, sitaki kusema uongo. Niliona tutamzika mtu kwa ajili ya ndoto.

Jumatatu akaja Mwalimu, yule mama mfupi anayefundisha watoto madrasa, kuchukua baibui lake. Nikambana Dada mpaka akamweleza.

"Kwanza umekosea," Mwalimu akasema. "Ndoto ikikutisha unajikinga kwa Mola, unatema kushoto mara tatu, unageukia ubavu mwingine, unafunga mdomo. Wewe ukaimwaga kwenye chai! Haya, nijibu kifundi. Nguo ilikuwa na mikono?"

Dada akafumba macho. "Ilikuwa nayo. Imekaa vizuri begani."

"Kola?"

"Ya kusimama. Na vifungo vinne."

"Sanda inatiwa vifungo?"

Dada akafumbua macho. Mimi pasi ilikuwa inaunguza shuka, sina habari.

"Hiyo ni kanzu, mama," Mwalimu akasema. "Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, aliota watu wamevaa kanzu, wengine zinaishia kifuani, mmoja anaiburura yake. Alipoulizwa maana yake, akasema ni dini. Tukiwa macho tunawaambia wanaume wapandishe nguo juu ya vifundo vya miguu; ndotoni urefu ndiyo sifa. Wewe ulipoiona ulifanya nini?"

Dada akaona haya. "Nilichukua mkasi."

"Ukakata?"

"Niliamka kabla."

"Alhamdulillahi! Mwanamke huyu hata usingizini hana likizo!"

Tukacheka mpaka Dada akalia, akalia kweli, uso kaufunika kwa baibui la watu. Mwalimu akamshika bega. "Na mimi si mfasiri wa ndoto, nakwambia nilichofundishwa. Tumbo ni la daktari. Mpeleke mumeo."

Jumanne tulimpeleka, akilalamika njia nzima. Tulikaa kwenye benchi la hospitali saa mbili unusu, Dada akihesabu mishono ya pazia ili asihesabu dakika. Daktari akatoka akasema siku mbili zaidi na angekuwa anatuambia maneno mengine. Nilimkumbatia Dada, nikamtukana kidogo, nikamkumbatia tena. Uzito wa siku tatu ulinishuka pale pale.

Baada ya mwezi shemeji akataka kwenda msikitini Ijumaa. Amekonda, mabega yameshuka, kanzu yake inafagia sakafu. "Fundi," akamwita mkewe, "nikatie vidole vitatu hapa."

Dada akachukua mkasi. Akautazama. Akaurudisha mezani, akachukua sindano na uzi.

"Mbona hukati?" shemeji akauliza.

"Simama wima, acha maneno."

Nilipewa niipige pasi. Kwa nje ilikuwa safi, juu ya vifundo kama inavyotakiwa. Nikaigeuza. Dada yangu, ambaye hamwachii mteja hata nusu kidole cha kitambaa cha ziada, alikuwa ameukunja urefu wote ndani ya upindo, akaushona kwa mkono, bila kukata hata uzi mmoja.

Nikapitisha pasi taratibu, nikamrudishia shemeji kanzu yake.